Nahodha aliyegeuza meli usiku wa manane

Fikiria, ndugu msomaji, umepanda basi la usiku kwenda mashambani. Nauli umelipa, mizigo iko kwenye keria na jamaa wanakungoja stendi. Mara unazinduka usingizini na kukuta basi limegeuka, linarudi mjini. Bila shaka ungemjia dereva juu!

Hayo ndiyo yaliyowakuta abiria wa meli ya Kijerumani iliyoitwa Kronprinzessin Cecilie, katika bahari ya Atlantiki mwaka wa 1914.

Meli hiyo ya kampuni ya Norddeutscher Lloyd, yenye dohani nne, ilikuwa miongoni mwa meli za kifahari na zenye mwendo wa kasi zaidi za enzi hizo. Mnamo Julai 28 iling'oa nanga Hoboken, karibu na New York, ikielekea Plymouth nchini Uingereza, Cherbourg nchini Ufaransa, na hatimaye Bremen, Ujerumani. Ndani mlikuwa na watu 1,892, mabaharia wakiwemo. Kulikuwa na Wajerumani, Waaustria, Warusi, Wamarekani, na hata Waingereza na Wafaransa wachache. Ghalani mlikuwa na dhahabu ya mabenki yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 10.

Siku hiyo hiyo Austria ilitangaza vita dhidi ya Serbia.

Usiku wa Julai 31, meli ikiwa bado katika bahari kuu, Nahodha Charles Polack alipokea ujumbe wa redio kutoka kwa wakubwa wake: vita vimezuka, rudi New York. Alikuwa na makaa ya mawe ya kumtosha kurudi. Aliwakusanya wanaume katika chumba cha kuvutia sigara akawapasha habari. Meli ilikuwa tayari imegeuka.

Kelele zilizuka. Kila mmoja alikuwa na shughuli zake Ulaya. Mamilionea kadhaa wa Kimarekani walimwendea nahodha wakitaka kuinunua meli papo hapo, wapandishe bendera ya Marekani na kuendelea na safari. Polack alikataa katakata.

Madirisha yalizibwa kwa maturubai, taa zikazimwa. Dohani zilipakwa rangi nyeusi juu ili meli ifanane na ya Waingereza. Katika ukungu ilikwenda kasi bila kupiga honi, isije ikasikika na manuwari za adui. Abiria waliingiwa na hofu, kwa maana ilikuwa miaka miwili tu tangu Titanic ilipozama. Alfajiri ya Agosti 4 ilitia nanga Bar Harbor, mji mdogo wa jimbo la Maine, watu wote wakiwa salama. Siku hiyo ndiyo Uingereza iliyoingia vitani.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Mabenki yenye dhahabu yalikwenda mahakamani kudai fidia. Hoja yao haikuwa ya kupuuzwa. Usiku ule nahodha alipogeuka, Ujerumani haikuwa imetangaza vita na taifa lolote. Ilianza na Urusi kesho yake. Ujumbe aliopewa ulitangulia ukweli! Kama angeendelea, huenda angefika Plymouth na kushusha mzigo kabla ya Agosti 4.

Kesi ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Uamuzi ulitolewa Mei 7, 1917, mwezi mmoja baada ya Marekani yenyewe kuingia vitani dhidi ya Ujerumani. Ungedhani Mjerumani hana chake hapo. Lakini majaji wengi, wakiongozwa na Jaji Oliver Wendell Holmes, walisema nahodha hakukosea. Mtu mwenye busara hangojei hatari imfike mlangoni. Hupimwa kwa yale aliyoyajua wakati ule, si kwa yale yaliyokuja kujulikana baadaye.

Meli yenyewe ilitwaliwa na Wamarekani, ikaitwa Mount Vernon na kuwabeba askari wao. Septemba 1918 ilipigwa kombora na nyambizi ya Kijerumani karibu na Ufaransa. Mabaharia kadhaa walifariki, lakini ikajikokota hadi bandarini. Ilivunjwa mwaka wa 1940.

Sisi wazazi hutoa maamuzi kama hayo kila mara: kuahirisha safari, kumhamisha mtoto shule, kukataa biashara inayong'aa. Balaa lisipotokea tunaitwa waoga. Likitokea, hakuna anayekumbuka kushukuru. Wahenga walinena kwamba heri nusu shari kuliko shari kamili. Polack aliambulia abiria wenye hasira na kesi ya miaka kadhaa, lakini kila aliyepanda naye alishuka kwa miguu yake.

Je, wewe ungegeuza usukani?