Chukua Saba, Bosi

Tuanze na hesabu. Bendera iko yadi 144. Aironi yako ya 7 hukupeleka 150, ya 8 hukupeleka 138. Uko katikati. Ukipiga 7 kwa nguvu zote unapita, ukipiga 8 kawaida hufiki. Kwa wewe ambaye hujawahi kushika fimbo ya gofu, aironi ni zile fimbo zenye kichwa cha chuma, na namba ikipungua mpira huenda mbali zaidi. Kwa hivyo 7 ni ndefu kuliko 8. Hiyo tu. Sasa unajua ya kutosha kubishana na mdosi yeyote Jumamosi.

Nasema chukua 7. Shusha mikono inchi moja kwenye mpini, piga polepole, tembea ukaokote mpira wako. Lakini karibu kila mwanamume niliyemwona akicheza huu mchezo huchukua 8 na kuipiga kama anaua nyoka. Nasema mwanamume makusudi. Wamama niliowabebea mabegi walikuwa na shida zao, hii haikuwa mojawapo. Waliuliza fimbo gani inafika, wakachukua hiyo, basi.

Nimesema nilibeba mabegi. Karo ilinimalizikia chuoni kabla ya digrii kufika, na kwa karibu mwaka mmoja nilikuwa kedi kwenye klabu moja ya hapa Nairobi. Kedi ndiye yule kijana unayemwona nyuma ya mtu mwenye kofia nyeupe, begi begani, akisoma upepo. Siitaji hiyo klabu jina, kwa sababu ninachokieleza hakikuwa cha klabu moja.

Twende kwa fizikia kwanza. Mtu akitaka kuongeza yadi sita kwa nguvu, kitu cha kwanza kupotea ni mizani. Mwili unatangulia, mikono inachelewa, na mpira unagongwa na ncha ya fimbo badala ya katikati. Mpira usiogongwa katikati hupoteza yadi, tena zaidi ya hizo sita alizokuwa akizitafuta. Na hata akibahatika kuugonga katikati, nguvu ile inauzungusha kwa kurudi nyuma zaidi. Unapanda juu, unaonekana mtamu sana ukiwa hewani, halafu upepo wa mbele unaukamata, unasimama, unaanguka kama embe. Pu! Ndani ya banka. Ile 7 ya polepole haina maajabu. Inaenda chini kidogo, inazunguka kidogo, inapita katikati ya upepo, inatua. Hakuna mtu atakupigia makofi.

Wachora viwanja wanamjua huyu mtu wa 8. Tazama grini yoyote ya kawaida uone mchanga umewekwa wapi. Mara nyingi uko mbele au ubavuni. Nyuma kuna nini? Nyasi. Nao wenye kampuni zinazofunga vihisi kwenye fimbo na kuhesabu mipigo ya wachezaji wa kawaida wamekuwa wakisema jambo lile lile kwa miaka: mipira inayokosa grini kwa kupungukiwa ni mingi kuliko inayopita. Data ipo. Iko kwenye simu ya huyo huyo mtu. Na bado mkono unaenda kwa 8.

Kwani hizo yadi 138 za 8 zilitoka wapi? Nitakwambia. Zilitoka siku moja ya Februari, uwanja mkavu, upepo ukimsukuma mgongoni, mpira ukatua pagumu ukaruka. Siku hiyo aliandika 138 moyoni na haijawahi kufutika. Ni kama msee akuambie yeye hutoka Rongai hadi tao kwa dakika 25, kumbe alifanya hivyo asubuhi moja ya Krismasi, barabara ikiwa tupu. Ukimwekea miadi ya saa mbili, utamngoja. Wastani wake halisi wa 8 ni kama 130, na wa 7 ni kama 141. Yaani hayuko katikati ya fimbo mbili hata kidogo. Yuko kwenye 7 kamili na anajadiliana na kumbukumbu.

Halafu hiyo namba yenyewe iliyochongwa kwenye chuma ni biashara. Miaka ya 1970, uso wa aironi 7 ulikuwa umelala nyuzi 36 hivi au zaidi. Leo, 7 nyingi zinazouziwa watu wa kawaida ziko nyuzi 30 au chini ya hapo. Maana yake ile fimbo unayoiita 7, babu yako angeiita 5, kama angeruhusiwa kuingia uwanjani kwa lengo la kucheza. Najua watengenezaji wana maelezo yao, kwamba uzito umeshushwa chini ya kichwa ili mpira upande hata kama uso umesimama. Sawa, nakubali. Lakini hakuna aliyewalazimisha kuichonga 7. Wangeichonga 5. Waliona kwamba mwanamume mzima atalipa doo ndefu kuambiwa kwamba 7 yake inaenda mbali kuliko 7 ya jirani.

Mpaka hapa ungeweza kusema, buda, si ni hobi ya watu wenye pesa, wacha wazame kwenye mchanga wao. Na ningekubaliana na wewe kama gharama ya ile 8 ingelipwa na aliyeipiga.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Mtu anasimama juu ya mpira na kuuliza, "Kijana, saba au nane?" Lakini ukitazama mkono wake, tayari umeshika 8. Hajauliza. Anatafuta shahidi.

"Saba, bosi. Laini."

"Saba? Mimi nane hunitosha hapa."

"Kuna upepo kidogo, bosi."

"Upepo gani?"

Anapiga 8. Inaanguka kwenye banka la mbele. Kimya. Halafu anageuka, mbele ya wenzake watatu, na kusema, "Huyu kijana amenipa yadi mbaya." Wenzake wanacheka. Wewe unashika reki na kwenda kusawazisha mchanga. Malipo ya raundi yalikuwa yamepangwa, hayo hayakuguswa. Ila sisi tulikuwa tukinunua unga na tipu, na tipu ya siku hiyo ilibaki kwenye banka.

Sasa sikia kitakachofuata, maana hapa ndipo naudhika kabisa. Kedi akifanyiwa hivyo mara tano, anajifunza. Mara ya sita akiulizwa saba au nane, anaangalia mkono kwanza. Mkono ukiwa kwenye 8, anasema, "Nane, bosi, nane safi kabisa." Mpira ukipungukiwa, angalau walikosea pamoja, na bosi hulaumu upepo ule ule ambao dakika moja iliyopita haukuwepo. Nilifanya kazi na mzee mmoja aliyejua kila mteremko wa ule uwanja, angeweza kukuambia mpira utakunja wapi gizani. Alikuwa na miaka mingi ya ujuzi kichwani, na alikuwa amekoma kuutoa. Alikuwa na watoto wawili sekondari. Hakuwa na uwezo wa kusema saba.

Na cha kuchekesha ni kwamba sheria za gofu zinampa huyo mzee nafasi ambayo hazimpi mtu mwingine. Ukiwa unacheza peke yako, si kwa timu wala na mwenza, Sheria ya 10 inasema huruhusiwi kuomba ushauri wa fimbo kwa mtu yeyote ila kedi wako. Yadi unaweza kuuliza yeyote, hata mpinzani, kwa sababu umbali ni habari tu. Lakini swali la saba au nane ukimwuliza mpinzani, unapigwa adhabu. Daktari, wakili, mheshimiwa, wote mkicheza pamoja mnatakiwa mnyamaziane. Mwenye ruhusa ya kusema ni yule anayeitwa kijana hata akiwa na mvi.

Hilo halikutokea jana. Royal Nairobi ilianza mwaka 1906, na kwa miongo mingi Mwafrika aliingia kwenye viwanja kama hivyo kukata nyasi, kupika, au kubeba begi la mzungu. Mzungu aliondoka, begi likabaki. Leo Royal inapakana na Kibera, na ukitazama picha iliyopigwa kutoka juu utaona mabati yanaishia na kijani kinaanza, kama mtu aliyepiga mstari kwa rula. Sisemi kila anayecheza hapo ni mkoloni, jamani. Nasema tabia ya kumwuliza mtu swali huku jibu lake ukiwa umeshaliamua ina umri mrefu kuliko mchezaji yeyote aliye hai.

Watakaonijibu wataleta Tom Watson, kwa hivyo nimlete mimi kwanza. Julai 2009, Turnberry, Uskoti. Watson ana miaka 59. Amefika shimo la 18 siku ya mwisho, na akilimaliza kwa mipigo minne anashinda The Open kwa mara ya sita. Upepo uko nyuma yake. Anachukua aironi 8. Mpira unatua grini, unabingirika, unabingirika, unatoka nyuma. Anamaliza kwa mipigo mitano, anaingia mchujo wa mashimo manne na Stewart Cink, anashindwa. Mpaka leo kuna watu wanasema 9 ingetosha.

Labda ingetosha. Fimbo fupi ina siku zake, na mimi si mtu wa dini moja. Ukiwa na upepo mgongoni, au unapiga kuteremka, au nyuma ya grini kuna maji au ua la mpaka, au damu inakuchemka kwa sababu ni shimo la mwisho na mkono una nguvu usizozijua, chukua fupi. Lakini angalia kilichompata Watson. Aliugonga mpira wake vizuri kabisa, jambo ambalo wewe hufanya mara mbili kwa raundi. Na hata ulipopita, alipiga uliofuata kwa fimbo ya kusukumia, mpira ukiwa juu ya ardhi. Hakuwa ndani ya shimo la mchanga akipepesa macho. Huwezi kuchukua kosa la bingwa wa mara tano na kuligeuza kisingizio cha mtu wa handikapu 22.

Kama huniamini bado, shuka Pwani. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huruka karibu asilimia 10 zaidi kuliko ungeruka Mombasa. Bosi wa Nairobi anapanda SGR na namba zake za Nairobi, anafika Nyali au anavuka hadi Vipingo, anatoa 7 yake ya yadi 150. Hapo, na ule upepo wa bahari, 7 hiyo ni ya yadi 136 hivi. Imekuwa 8 bila kubadilisha nguo. Kedi wa kule anamwambia kwa upole, "Bosi, hapa kwetu tafadhali chukua sita." Na bosi anamtazama kana kwamba ametukanwa yeye, mamake na kampuni yake. Sita? Kwa yadi 144? Mimi? Afadhali mpira uende baharini kuliko wenzake wamwone na 6.

Kwa hivyo nina pendekezo, na si la kuwaomba watu wawe wanyenyekevu, hilo sina muda nalo. Tipu ilipwe kwenye shimo la kwanza, kabla ya mpira kupigwa. Mkabidhi kedi wako pesa yake mkononi, yote, kisha mtembee. Kuanzia hapo jibu lake halina bei. Ukimwuliza saba au nane atakuambia anachokiona, kwa sababu hakuna unachoweza kumnyang'anya ukipungukiwa.

Nimeshawaambia watu wawili watatu hivi na jibu ni moja: ati makedi watazembea, watalala, watapoteza mipira. Huyo mtu ametembea mashimo 18 na kilo zako mgongoni, amekujua unavyopiga tangu tii ya kwanza, anajua ulikunywa jana. Unadhani kinachomfanya aangalie mpira wako ni hiyo soo mbili uliyoificha mfukoni? Anauangalia kwa sababu anajua kuuangalia. Mpe pesa yake, toa mkono kwenye begi, halafu umwulize.