Propela ya Boti Ichaguliwe kwa Mzigo

Boti inayotoka Amu kwenda Kizingitini, katika visiwa vya Lamu, haiendi tupu. Hubeba abiria, magunia ya unga, saruji na mitungi ya gesi. Lakini mwenye boti akifika dukani kununua propela, kishawishi ni kuuliza ipi inakimbia zaidi. Swali hilo linamtia hasara. Propela huandikwa namba mbili kwa inchi: upana, na hatua, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja lau maji yangekuwa kitu kigumu. Hatua ndefu huahidi kasi, ila mashine ndiyo inayoilipia ahadi hiyo. Kila mashine ina kiwango cha mizunguko inachopaswa kukifikia ikifunguliwa mafuta yote. Kwa nyingi ni kati ya 4,500 na 6,000 kwa dakika, na kimeandikwa kwenye kijitabu chake. Boti iliyosheheni ikifungwa propela ya hatua ndefu, mashine haikifikii. Hulemewa, hupata joto, hujaa masizi na kunywa petroli bila boti kuinuka juu ya maji. Kupunguza hatua kwa inchi moja huongeza takriban mizunguko 150 hadi 200, kwa hiyo kutoka 13 hadi 11 ni tofauti inayosikika hata kwa masikio.

Wapo watakaosema dawa ni mashine kubwa zaidi. Hiyo nayo ikifungwa propela isiyoifaa italemewa vilevile, tena kwa mafuta mengi zaidi na uzito zaidi kwenye tezi. Pingamizi la maana ni jingine: hatua fupi boti ikirudi tupu huifanya mashine izunguke kupita kiasi. Ni kweli, na ni hatari. Lakini hapo nahodha hupunguza mafuta kwa mkono wake, ilhali katikati ya safari ya kwenda hana pa kuyashusha magunia. Gharama ya propela ya pili, ya kufunga boti ikirudi tupu, pia si hoja nzito sana, kwa kuwa kwenye matumbawe na mafungu ya mchanga ya Lamu propela ya akiba ni lazima. Iwe basi ya hatua tofauti. Kinachokosekana ni kipimo cha mizunguko, na kikundi cha wavuvi cha ufukweni kinaweza kununua kimoja, wanachama wakapima kwa zamu, boti ikiwa na mzigo wake wa kila siku.