Fedha za televisheni zavunja utani wa jadi wa vyuo Marekani

USIKU wa Novemba 30, 2024, zaidi ya watazamaji 100,000 walifurika katika uwanja wa Kyle Field, mjini College Station, kushuhudia Chuo Kikuu cha Texas kikiwashinda watani wao wa jadi, Texas A&M, kwa pointi 17 dhidi ya 7. Timu hizo za futiboli ya Kimarekani, zilizoanza kupambana mwaka 1894, zilikuwa hazijakutana tangu 2011.

Miaka yote hiyo kikwazo hakikuwa uhasama wa mashabiki. Texas A&M ilihamia ligi ya vyuo vya Kusini Mashariki, SEC, mwaka 2012, na Texas ikabaki katika ligi ya Big 12. Pambano lilirudi pale tu Texas nayo ilipoifuata SEC mwaka 2024. Mashabiki hawakuulizwa lilipokufa, wala hawakuulizwa lilipofufuka.

Chimbuko la hamahama hii ni televisheni. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani ilikiondolea chama cha michezo ya vyuo, NCAA, mamlaka ya pekee ya kuuza haki za matangazo. Waliofungua kesi hiyo walikuwa vyuo vikuu vya Oklahoma na Georgia. Tangu hapo ligi zimekuwa zikishindana kukusanya timu zenye majina. Mwaka 2022 Big Ten ilisaini mkataba wa miaka saba wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni saba. Miaka miwili baadaye, Pac-12, ligi ya pwani ya Pasifiki yenye mizizi ya mwaka 1915, ilibakiwa na vyuo viwili tu kati ya 12. UCLA ya Los Angeles sasa imo ligi moja na Rutgers ya New Jersey, umbali wa karibu kilomita 4,000.

Jeraha kubwa zaidi liko Oklahoma. Chuo Kikuu cha Oklahoma na Oklahoma State, vyote mali ya jimbo moja na vikitenganishwa na mwendo wa kilomita 130 hivi, vilikutana kila mwaka tangu 1910 hadi 2023 katika pambano liitwalo Bedlam. Novemba 4, 2023, Oklahoma State ilishinda kwa 27 dhidi ya 24, na huo ukawa mwisho, kwani Oklahoma ilikuwa njiani kwenda SEC. Kocha wa Oklahoma State wakati huo, Mike Gundy, hakuficha lawama zake: waliofuata fedha ndio waliolivunja pambano.

Wapo wanaosema yaliyopita si ndwele. Hoja yao ina uzito kiasi. Timu hucheza mechi 12 za kawaida kwa msimu, na SEC imeamua kuwa kuanzia 2026 tisa kati ya hizo ziwe za ndani ya ligi. Kwa timu inayowania nafasi katika mtoano wa ubingwa, ni rahisi kumwalika mgeni dhaifu kuliko kumkabili jirani mwenye kisasi. Isitoshe, Oklahoma imeshinda Bedlam mara 91 dhidi ya 20, hivyo yaweza kudai haina cha kuthibitisha.

Lakini tofauti ya ligi haijawahi kuwa kizuizi cha kweli. Georgia ya SEC na Georgia Tech ya ACC hufunga msimu kwa kupambana, na ndivyo wafanyavyo Florida na Florida State, pamoja na Clemson na South Carolina. Ni mwaka wa UVIKO-19 tu, 2020, uliowakatiza. Washington na Washington State, baada ya kutenganishwa, walikubaliana kuendelea hadi 2028. Kansas na Missouri walirudiana 2025 baada ya ukimya wa tangu 2011. Penye nia, ratiba hupatikana.

Anayeumia nia inapokosekana ni mdogo. Mkubwa atajaza uwanja kwa jina lake. Mji mdogo kama Stillwater, yaliko makao ya Oklahoma State, hupoteza siku iliyokuwa ikijaza hoteli na mikahawa yake.

Na si kwamba vyuo hivyo viwili haviwezi kukaa meza moja. Desemba 2024, miezi michache tu baada ya Oklahoma kuhama, timu zao za mpira wa kikapu zilikutana mjini Oklahoma City kama kawaida.