Njia za Matema: nafasi ya mtu, chungu na mbwa

Jumamosi asubuhi ufuko wa Lyulilo, jirani kabisa na Matema, hujaa vyungu. Vinashushwa kutoka kwenye mitumbwi iliyotoka Ikombe na vijiji vingine vya Wakisi, vinapangwa mchangani, vikubwa kwa vidogo, vikisubiri wanunuzi watakaovipeleka Kyela, Tukuyu na Mbeya. Kila kimoja kimefinyangwa kwa mkono wa mwanamke, kikalainishwa, kikachorwa, kikakaushwa, kikachomwa, kisha kikavuka maji bila kupata ufa. Mbwa wa mjini aliyefunguliwa kamba, mwenye furaha ya kuona ziwa kwa mara ya kwanza, anaweza kuharibu kazi ya siku nyingi kwa kukimbia mara moja tu katikati ya safu hizo.

Jambo hili linafaa kuzungumzwa sasa. Barabara ya lami ya Kikusya–Ipinda–Matema imeifanya safari ya kutoka Mbeya kuwa nyepesi, na mwenye gari lake hahitaji tena kumwomba kondakta ruhusa ya kupanda na mbwa. Wageni watakuja na wanyama wao. Matema iwapokee, tena kwa moyo mkunjufu, lakini kwa masharti yatakayoandikwa na wenye njia.

Na njia zipo, nyingi na za kale. Kabla ya lami, kabla hata ya wamisionari Walutheri na Wamoraviani waliofika Unyakyusa mwaka 1891, watu walikuwa wakipanda na kushuka milima hii kwa biashara. Wakinga walishusha majembe na mikuki waliyofua kwa chuma cha kwao. Wakisi walileta vyungu. Wanyakyusa wa bondeni walitoa chakula na mifugo. Mtu anayetembea leo kutoka Matema kuelekea Ikombe, mkono mmoja ziwa na mkono mwingine ukuta wa Milima ya Livingstone, anakanyaga barabara kuu ya zamani. Anayetaka tambarare atapita kwenye mashamba ya mpunga na vivuli vya mikakao, migomba na miembe upande wa mto Lufilyo. Akisogea hadi Rungwe kuna Ziwa Masoko lililojaa ndani ya kreta, Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira, na maporomoko ya Kaporogwe. Ni sehemu chache nchini zinazompa mtembea kwa miguu ziwa, mlima, msitu na bonde kwa siku mbili tatu tu za safari.

Hata hivyo, si kila njia ni ya mbwa. Safari inayosifiwa kuliko zote ni ile ya kushuka kutoka Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, nyanda za maua zilizo juu ya mita 2,600, kuvuka Livingstone hadi ufukweni, chini ya mita 500. Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 2005, na mbwa wa kufugwa haruhusiwi ndani ya hifadhi ya taifa. Wapo wanaoona katazo hilo ni ukali usio na sababu. Sababu zipo mbili, na zote ni nzito. Ya kwanza ni kipunji, nyani ambaye wenyeji walimjua siku zote lakini sayansi ikamtambua mwaka 2003 tu. Sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilihesabu kidogo zaidi ya 1,100 duniani, wengi wao katika misitu ya Rungwe na Livingstone. Wawindaji haramu huingia msituni na mbwa, na askari akisikia mbwa akibweka kwenye korongo hawezi kujua kama ni wa mtalii au wa mwindaji. Sababu ya pili ni maradhi. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, uliohusishwa na mbwa wa kufugwa, uliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti, karibu wanyama 1,000. Anayempenda mbwa wake atamwacha nje ya Kitulo bila kinyongo.

Linalobaki ndilo gumu zaidi, nalo ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka duniani, karibu vyote kutokana na kuumwa na mbwa. Kwa Tanzania, kadirio linalotajwa mara nyingi ni vifo kama 1,500 kila mwaka, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Dalili zikishaanza, mgonjwa haponi. Kinga inajulikana: kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mwaka baada ya mwaka, na ugonjwa unakatika. Kuwapiga risasi mbwa koko, ambako baadhi ya halmashauri bado hukimbilia, hakujawahi kuukomesha.

Pemba inafundisha pande zote mbili za jambo hili. Kampeni za chanjo zilianza mwaka 2010, na kufikia 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimetoweka kisiwani. Mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje. Ikabidi kuchanja upya, na mwaka 2018 kikaondolewa kwa mara nyingine. Kama kisiwa kilichozungukwa na bahari kiliingiliwa, kijiji kilicho mwisho wa barabara ya lami hakina ngome yoyote isipokuwa chanjo: ya mbwa anayekuja, na ya mbwa anayemkuta.

Huyo anayekutwa husahaulika kila mara. Mbwa wa kijijini hafungwi kamba. Analinda nyumba usiku, mchana anafuatana na mwenyewe shambani, na mgeni wa miguu minne akipita karibu na ua wake atapigana naye. Ukiwachanja mbwa wa wageni peke yao, umelinda watalii na kuwaacha watoto wa Lyulilo kama walivyokuwa.

Watasema chanjo haifiki Ikombe, kwa kuwa hakuna barabara, umeme ni wa shida na dawa inataka baridi. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba chanjo ya kichaa cha mbwa inayotumika sana hapa nchini hubaki na uwezo wake hata baada ya miezi 6 kwenye nyuzi 25 au miezi 3 kwenye nyuzi 30. Baadaye watafiti hapa Tanzania wakatengeneza vyombo vya udongo vinavyopoa kwa mvuke wa maji, kama mtungi wa maji ya kunywa, ili kuihifadhi vijijini pasipo na friji. Hakuna mahali nchini ambapo ufundi wa kutengeneza vyombo hivyo ni mwingi kuliko kwa Wakisi. Afisa mifugo anaweza kuacha dozi kijijini na kurudi kwa mtumbwi.

Kwa mwenye mbwa, adabu za njia ni chache. Kamba muda wote, si tu pale watu wanapoonekana. Akija mwanamke na mzigo kichwani, mwenye mbwa asimame pembeni, upande wa mteremko, mpaka apite. Wapo Waislamu ambao ute wa mbwa ni najisi kwao na huwalazimu kuosha nguo, basi asimwachie mnyama akanusa watu. Safari ianze alfajiri, maana mbwa hupoza mwili kwa kuhema na joto la Kyela humlemea haraka. Asiogeshwe kwenye midomo ya mito, kuna mamba. Na yeyote aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, bila kusubiri kuona mbwa atakuwaje.

Wengine wameshaweka kanuni za aina hii. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 2000 iliyofungua mashamba na milima kwa watembeaji inataka mbwa afungwe kamba isiyozidi mita 2 kuanzia Machi 1 hadi Julai 31, wakati ndege wa ardhini wanapolea makinda. Jirani zaidi, katika msitu wa Karura, Nairobi, uliookolewa na Wangari Maathai na wenzake usigawiwe wajenzi, mbwa hukaribishwa wakiwa na kamba, na mgeni hulipa kiingilio kinachosaidia kuutunza msitu.

Kyela haihitaji kusubiri Dodoma. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Matema, Lyulilo na Ikombe zinaweza kukaa pamoja, zikataja njia zilizo wazi kwa mbwa na zilizofungwa, zikadai cheti cha chanjo kionyeshwe kwenye nyumba ya wageni, na zikatoza ada ndogo kwa kila mbwa anayeingia. Fedha hiyo inunue chanjo kwa mbwa wa vijiji hivyo vitatu, na uchanjaji ufanyike Juni, mvua zikishakatika na kabla wageni wa kiangazi hawajaanza kumiminika.