Kinyozi hajinyoi: Nani agharamie mapumziko ya imamu na mchungaji?

Kusi ikichafuka, mvuvi wa Vanga mwenye chombo kidogo hukipandisha pwani, akashona nyavu zake akingoja bahari itulie. Mwalimu wa shule hufunga muhula akaenda kwao. Karani wa kaunti, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya 2007, ana haki ya siku zisizopungua 21 za likizo kila mwaka na mshahara wake haukatwi. Lakini imamu wa mtaa hapa Vanga, au mchungaji wa kanisa la mabati kule Lunga Lunga, hana kusi wala likizo. Mwaka mzima yuko kazini.

Tuitazame kazi yenyewe. Imamu anasalisha vipindi vitano kila siku. Baina ya kipindi na kipindi kuna madrasa, kuna jeneza, kuna ndoa inayotaka kuvunjika, kuna kijana aliyenaswa na unga ambaye mamake amekuja kulia mlangoni. Mto Umba ukifurika na maji yakaingia majumbani, mlango wa kwanza kugongwa ni wake. Mchungaji naye ana mikesha, ana wagonjwa wa kutembelea hospitali ya Msambweni, ana mazishi na ana karo ya mtoto wa mjane. Wote wawili wanabeba siri za watu wasizoweza kumsimulia yeyote. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Anayewaliwaza watu wote, yeye huliwazwa na nani?

Mtu atauliza: kwani nani amemkataza kupumzika? Hakuna aliyemkataza, ila hesabu haimruhusu. Mchungaji wa kanisa dogo analipwa kwa sadaka ya Jumapili. Asiposimama madhabahuni Jumapili mbili, nyumbani kwake hakuna unga wa sima. Imamu anaishi kwa posho ya kamati, na mara nyingi posho yenyewe haitoshi, ikajaziwa na bahasha za khitma na ndoa. Akiondoka mwezi mmoja, bahasha zinakwenda kwa mwengine. Kwa hivyo kupumzika kwake ni faini anayojitoza mwenyewe, na faini hiyo wanailipa watoto wake.

Tusisingizie dini. Mtume Muhammad (S.A.W.) alikuwa akijitenga katika pango la Hira kabla ya kushushiwa wahyi, na sunna ya itikafu katika kumi la mwisho la Ramadhani tunaijua sote. Ajabu ni kwamba siku hizo kumi ndizo imamu anazochoka zaidi, maana waumini wanakaa itikafu na yeye ndiye anayewasalisha tarawehe na kisimamo cha usiku. Upande wa pili, Injili inaeleza kwamba Yesu aliwatoa wanafunzi wake kwenye umati akawapeleka mahali pa faragha wapumzike, na Torati iliipa hata ardhi mwaka wa saba wa kupumzika. Mafundisho yapo. Kilichokosekana ni fungu la kuyatekeleza.

Wako waliolitatua hili. Sheria za Kanisa Katoliki za 1983 zinamruhusu paroko kuwa nje ya parokia hadi mwezi mmoja kila mwaka kwa likizo, na siku za mafungo ya kiroho hazihesabiwi ndani ya mwezi huo. Sheria hizo hizo zinamtaka askofu aweke utaratibu wa padri mwengine kuihudumia parokia wakati paroko hayupo. Padri wa Ukunda, aliye chini ya Jimbo Kuu la Mombasa, halazimiki kuomba huruma ya mtu ili apumzike. Kanuni imemtangulia.

Kule Marekani, taasisi ya Lilly Endowment ya Indianapolis imekuwa kwa zaidi ya miaka 20 ikiyalipia makanisa ya nchi hiyo ili wachungaji wao wapate miezi mitatu au minne ya kusoma, kusafiri na familia na kutafakari. Kwa miaka mingi kiwango cha juu kilikuwa dola 50,000 kwa kanisa moja. Fedha hizo hazitufikii huku, na sizitamani. Tunachofaa kuiga ni mpangilio wake. Ombi hutumwa na kanisa lenyewe, si mchungaji peke yake. Na katika hizo dola 50,000, hadi 15,000 ziliruhusiwa kutumika kwa mahitaji ya kanisa linalobaki, ikiwemo kumlipa anayeshika nafasi. Maana yake, mapumziko yanahesabiwa kuwa shughuli ya jamaa nzima, na anayebaki naye anakumbukwa.

Hapa tufike mahali ambapo jambo hili linatugusa sote, hata asiyejali uchovu wa imamu. Mabenki huwalazimisha wafanyakazi wao kwenda likizo, na sababu si huruma pekee. Mtu akikaa kwenye meza moja bila kuondoka, mabaya yake hayaonekani. Akiondoka wiki mbili na mwengine akakalia kiti chake, daftari linasema lenyewe. Msikiti au kanisa lisiloweza kuendelea mwezi mmoja bila mtu fulani lina ugonjwa, hata kama mtu huyo ni mwema. Pwani tunajua mwisho wa ugonjwa huo ukimwangukia mtu mbaya. Huko Shakahola, kaunti ya Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, ya watu waliomfuata mhubiri mmoja bila sauti ya pili kusikika. Serikali ikaunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, likakabidhi ripoti yake 2024, na mpaka leo mjadala ni wa usajili na udhibiti. Sipingi udhibiti. Lakini kiongozi anayeondoka kila mwaka kwa utaratibu, akakaa na wenzake wakamuuliza maswali, akarudi akakuta mwengine amefundisha vyema, huyo amekwisha kudhibitiwa bila askari.

Wengine watasema viongozi wetu wanapumzika sana, si tunawaona kwenye mahoteli ya Diani? Wanaonekana, kwa semina. Tangu machafuko ya Likoni ya 1997, na zaidi tangu vijana wetu walipoanza kuvutwa na makundi ya Somalia, wafadhili wamewaita mashekhe na wachungaji kwenye mikutano ya amani mara nyingi. Kazi hiyo ina faida, na baraza la viongozi wa dini la Pwani, CICC, limeifanya katika siku ngumu. Hata hivyo semina ni kazi. Mtu analipwa nauli aje azungumze, atie sahihi, apigwe picha. Hakuna anayemlipa anyamaze.

Basi nani alipe? Jibu langu ni sisi wenyewe, na hesabu yake si ya kutisha. Chukua mfano wa msikiti wenye waumini 150 wanaotoa shilingi 10 kila Ijumaa kwa jambo hili pekee. Kwa wiki ni shilingi 1,500; kwa mwaka ni 78,000. Ikiwa posho ya imamu ni 15,000 kwa mwezi, mpe hiyo yake kamili, mpe naibu 15,000 nyengine, mwongeze imamu 20,000 za nauli na malazi akakae na mwanachuoni wake wa zamani Lamu au Tanga. Jumla ni 50,000, na 28,000 zimebaki. Kanisa linaweza kufanya hivyo hivyo kwa sadaka ya Jumapili. Na anayeacha nyumba au minazi kuwa wakfu wa msikiti anaweza kutaja katika hati yake kwamba sehemu ya mapato itumike kwa mapumziko ya imamu.

Fedha hazitoshi bila maandishi. Viongozi wengi hawaondoki kwa hofu moja wasiyoitaja: kwamba naibu atapendwa na kiti kitapotea. Kamati iandike tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi, jina la naibu na malipo yake, isomwe mbele ya watu. Vanga na Jimbo wanaweza kubadilishana makhatibu. Wachungaji wa Lunga Lunga wanaweza kupokezana Jumapili. Na anayerudi awasomee jamaa alichojifunza, ili senti zao zisiwe za matembezi tu.

Tusiambiwe kwamba watu wa Vanga hawawezi kutunza mfuko wa pamoja. Vanga, Jimbo na Kiwegu wana mradi wa Vanga Blue Forest, unaopata fedha kwa kuilinda mikoko, kama Gazi walivyoanza na Mikoko Pamoja mwaka 2013, na jamii ndiyo inayopanga fedha ziende wapi. Sisemi fedha za mikoko ziingie msikitini au kanisani. Hizo zina kazi yake. Nasema tumekwisha kukubali kwamba kitu kinachotulinda hakifai kukatwa kila siku, na kwamba kukiacha kipumue kuna gharama ambayo lazima mtu ailipe.

Kamati zetu zina mikutano kabla ya Ramadhani na kabla ya Krismasi. Waliweke jambo hili kwenye ajenda. Swali la kwanza liwe hili: mara ya mwisho imamu wetu, au mchungaji wetu, kupumzika mwezi mzima akiwa analipwa ilikuwa lini?