Socrates, Wanavyuoni Wetu na Mwanafunzi Anayeuliza



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wapenzi, nianze kwa kukiri kosa langu.

Siku moja katika somo la akhlaq nilikuwa nikifundisha wajibu wa kurudisha amana. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Ustadhi, mtu akiniwekea panga lake, kisha akaja kulichukua ana hasira za kwenda kumkata mwenzake, nimrudishie?" Darasa zima likacheka. Nikamwambia akae chini, aache ubishi. Akakaa, na tangu siku ile hakuuliza tena.

Baadaye, nikijisomea, nilikuta kwamba swali lile ni la kale mno. Limo katika kitabu cha Plato, ambaye wanavyuoni wetu walimwita Aflatuni, kiitwacho Jamhuri. Mzee mmoja anasema kuwa haki ni kusema kweli na kulipa unachodaiwa. Socrates, mwalimu wa Plato, anamuuliza: je, rafiki aliyekuazima silaha akirukwa na akili kisha akaidai, ni haki kumrudishia? Kijana wangu hakuwahi kukisoma kitabu hicho. Alikuwa ametumia akili aliyopewa na Mola wake, na mimi nikamzima.

Socrates aliishi Athens, mji wa Wagiriki, ambao vitabu vyetu huwaita Wayunani. Hakuandika kitabu hata kimoja. Mama yake alikuwa mkunga, naye alisema kazi yake inafanana na ya mama yake, yaani kuwasaidia watu kuzaa fikra zao wenyewe. Aliwauliza wakubwa wa mji maana ya haki, ushujaa na elimu, na wengi wakaonekana hawajui walichodai kukijua. Mwaka 399 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.) alishtakiwa kwamba haitambui miungu ya mji na kwamba anawaharibu vijana. Akahukumiwa kifo, akanywa sumu.

Katika kitabu kile kile yumo mtu aitwaye Thrasymachus, anayedai kuwa haki si chochote ila maslahi ya mwenye nguvu. Hoja hii haijafa. Tunaisikia kila mnyonge anapodhulumiwa kiwanja chake akaambiwa anyamaze. Plato alitumia kurasa nyingi kuipinga. Alisema mji mwema ni ule ambao kila kundi linatimiza kazi yake, na wanaotawala wametangulizwa na elimu, si mali. Nafsi ya mtu nayo ni hivyo hivyo: akili iongoze, hasira na matamanio vifuate.

Wapo watakaoniambia, "Ustadhi, hayo ni maneno ya washirikina, yanatuhusu nini?" Hofu yao naielewa, lakini tuwatazame waliotutangulia. Katika zama za Makhalifa wa Bani Abbas, vitabu vya Wayunani vilifasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, aliandika juu ya mji mwema, akaufananisha na mwili wenye afya ambao viungo vyake vyote vinasaidiana. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwapinga vikali wanafalsafa, lakini kwanza alikaa akavisoma vitabu vyao mpaka akavielewa. Hakukataa hesabu wala mantiki kwa sababu tu zimetoka kwao. Ibn Rushd, kadhi wa Andalusia aliyefariki mwaka 1198, alikisherehesha kitabu hiki cha Plato, na humo akasikitika kwamba wanawake wa miji ya zama zake walifungiwa katika kuzaa na kulea tu, ilhali wana uwezo zaidi. Mabinti zetu walisikie hilo.

Basi msimamo wangu ni huu: tusome, lakini tupime. Aristotle, mwanafunzi wa Plato, ametufunza mengi kuhusu haki katika kugawa mali na katika kulipa madhara. Lakini huyo huyo alisema kuwa baadhi ya watu wameumbwa wawe watumwa. Hilo tunalikataa, kwani Mtume wetu (S.A.W.) alifundisha kwamba Mwarabu hana ubora juu ya asiyekuwa Mwarabu ila kwa ucha Mungu. Hata hivyo, mizani tuliyoshika kwa ajili ya wengine tujipimie na sisi. Mafundisho hayo tulikuwa nayo, na bado soko la watumwa la Unguja liliendelea mpaka mwaka 1873. Kuwa na jibu sahihi kitabuni hakutoshi ikiwa hakuna anayethubutu kuuliza kwa nini hatulitendi.

Na kuuliza si ugeni kwetu. Jibril (A.S.) alipomjia Mtume (S.A.W.) katika sura ya mtu, alikaa mbele yake akauliza juu ya Uislamu, Imani na Ihsani. Kisha Mtume akawaambia Maswahaba kuwa huyo alikuja kuwafundisha dini yao. Tazameni, alifundisha kwa kuuliza! Adabu ni namna ya kuuliza, si kunyamaza. Anayeuliza ili ajue tusimchanganye na anayeuliza ili adharau.

Wazazi, mtoto akirudi nyumbani na swali gumu, msimkemee. Kama hamjui jibu, semeni "Allahu aalam", kisha mtafute pamoja naye.

Ama yule kijana, nilimwomba radhi mbele ya wenzake na nikamjibu: panga asirudishiwe kwa wakati ule, maana tumekatazwa kusaidiana katika dhambi na uadui, alihifadhi mpaka hasira za mwenyewe zipoe, kwani amana bado ni yake. Akasema, "Haidhuru, ustadhi." Lakini mkono hajaunyoosha tena mpaka leo. Namsubiri.

Wabillahi tawfiq.