Kompaila Ilituonya, Tukaizima

Wenzangu wa kompyuta, tuseme ukweli. Ni wangapi tukiona onyo la njano kwenye Java tunalizima, maisha yanaendelea? Mimi nilikuwa mmoja wao mpaka siku ya kuwasilisha projekti.

Mfumo wetu ulikuwa wa hosteli. Klasi Mwanafunzi inarithi Mtu, na Mgeni vilevile. Mimi nilikuwa na List<Mwanafunzi>, mwenzangu kaandika metodi inayopokea List<Mtu>. Kompaila ikakataa. Tukashangaa, mwanafunzi si ni mtu jamani? Saa saba usiku hakuna muda wa falsafa. Tukafuta mabano kwenye metodi, ikabaki List tupu, likatoka onyo tu, tukalala.

Kumbe ndani ya metodi ile kulikuwa na mstari unaoongeza Mgeni. Mbele ya jopo, programu ikapitia orodha ya wanafunzi, ikamkuta mgeni, ikaanguka na ClassCastException. Alama zikaenda.

Kompaila ilikuwa sahihi. Mwanafunzi ni mtu, lakini orodha ya wanafunzi si orodha ya watu, kwa sababu kwenye orodha ya watu yeyote anaruhusiwa kuingizwa. Cha ajabu, arei zinaruhusu: Mwanafunzi[] inapita kama Mtu[], halafu ukiingiza mgeni unakutana na ArrayStoreException programu ikiwa tayari inakimbia. Jeneriki, zilizokuja na Java 5 mwaka 2004, zinakukamata mapema, ukiwa bado chumbani kwako. Na njia halali ipo. Metodi inayosoma tu iandikiwe List<? extends Mtu>, itapokea orodha ya wanafunzi, ila haitakubali kuongezewa mtu. Ya kuongeza wanafunzi iandikiwe List<? super Mwanafunzi>. Sisi tungeandika ile ya kwanza, mstari wa mgeni ungeonekana usiku uleule.

Haya yote nilikuwa nimeyakariri kwa ajili ya UE, na nikapata. Ndiyo maana naona tunafundishwa kinyume: kanuni kwanza, sababu labda mwakani. Maabara ya kwanza ya jeneriki itupe programu inayoanguka kama yetu, tuachiwe saa mbili tumtafute mgeni wenyewe.

Mwenzangu, kwa taarifa yenu, bado anadai kosa lilikuwa langu.